Tarumbeta katika Chumba cha Mbuzi

Tarumbeta lilikuja kukaa kwetu baada ya stoo ya kanisa kuvunjwa. Wezi walichukua spika na betri ya sola, vyombo vya bendi wakaviacha, lakini mwalimu wa bendi alisema watarudi kuvifuata, maana mjini Kibondo kuna watu wananunua shaba kwa kupima na hawaulizi imetoka wapi. Akaamua kila mpigaji aende na chombo chake nyumbani. Wengine walifurahi. Mimi nilipokea langu likiwa limefungwa kwenye kanga ya zamani, nikashukuru, na njia nzima ya kurudi Kitahana nikawa nawaza nitaliweka wapi.

Wakati huo nilikuwa nimerudi kwa baba yangu. Ndoa yangu ilikuwa Kasulu, ikavunjika, nami nikarudi na mfuko mmoja wa nguo katika nyumba niliyozaliwa, nikiwa mtu mzima wa kuitwa mama na watoto wa njiani. Mama yangu alishafariki. Baba alikuwa peke yake na mbuzi wake wanne, na hakuniuliza neno lolote kuhusu Kasulu. Alinionyesha chumba changu cha zamani, akasema kimekuwa kikinisubiri.

Nilianza kuuza mitumba sokoni Kibondo. Anayeuza nguo lazima avae vizuri, nami nilivaa vizuri. Nilipiga pasi mpaka kanga. Kanisani nilirudi kwenye bendi niliyojifunza nikiwa binti, na kwa kuwa wanawake wanaopiga tarumbeta kwetu ni wachache, watu walinifahamu upesi. Walinijua kama yule mama nadhifu. Jumapili walinisindikiza mpaka njia panda, na hapo kila mara niliaga, nikasema kutoka hapa si mbali, asanteni, msijisumbue. Hakuna aliyewahi kufika nyumbani.

Sababu ilikuwa mbuzi. Muda mfupi baada ya mimi kurudi, zizi la nje lilivunjwa usiku, beberu mmoja akachukuliwa. Baba aliwaingiza waliobaki ndani ya nyumba. Watu wengi wa huku hufanya hivyo, si jambo la ajabu, lakini nyumba yetu ina vyumba viwili tu na sebule ya kupitia. Chumba cha baba ndicho chenye magunia ya mahindi na maharage, na mbuzi hawalindi maharage. Kikabaki changu. Jioni waliingia mmoja mmoja, wakaenda moja kwa moja chini ya kitanda changu na kwenye kona ya dirisha, wakalala. Alfajiri baba aliwatoa, nami nikafagia, nikamwaga majivu, nikafungua dirisha.

Harufu ya mavi ya mbuzi si mbaya. Mkojo ndio mbaya. Ukikaa kwenye udongo unatoa mvuke unaochoma macho, kama ile dawa ya nywele ya saluni ukiikaribia na pua. Niliizoea, ndiyo maana niliiogopa zaidi, kwa sababu sikuwa na hakika tena kama nanuka au sinuki. Nguo zangu nzuri niliziacha mjini, kwenye kibanda cha biashara, nikawa nafika asubuhi na kubadilisha nyuma ya pazia. Nilijipaka mafuta ya kunukia mengi kuliko inavyostahili. Mtu akisogea kuniambia jambo sikioni, nilirudi nyuma kidogo.

Kwa hiyo tarumbeta nililipigia msumari ukutani, juu ya kitanda, nikalitundika hapo. Hapakuwa na mahali pengine. Sebuleni kila apitaye angeliona, na chumbani kwa baba panya walikuwa wengi.

Nililipenda. Lilikuwa la zamani, limekwanguka rangi, lakini shaba yake ya manjano ilikuwa nzuri. Jioni nililisugua kwa ndimu na majivu laini mpaka nikauona uso wangu umepindika mdomoni mwake, pale linapopanuka kama ua la boga. Bamba la mdomo ule lilikuwa jembamba sana. Nikiliminya kwa kidole gumba lilikubali kidogo kisha likarudi, na nikiligonga kwa ukucha lililia. Nilikuwa nikishangaa kwamba kitu chembamba kama jalada la daftari kinaweza kubeba sauti mpaka ng'ambo ya bonde. Mikono yangu ilibaki na harufu ya shaba mpaka usingizi unanichukua, na niliona afadhali harufu hiyo kuliko ile nyingine.

Baada ya miezi, nikaona madoa ya kijani kwenye mkunjo, pale mrija unapoanza kuwa mdomo. Niliyasugua, yakarudi. Kisha nikaona unywele. Nilidhani ni unywele kweli, wangu au wa mbuzi, nikaufuta kwa kitambaa. Haukufutika. Nilimpelekea mwalimu wa bendi, akapitisha ukucha juu yake, akasema ni mkwaruzo tu, nimesugua mno, nipunguze majivu. Nikapunguza.

Basi akafariki bibi mmoja wa kanisa letu, mtu aliyependwa, aliyekuwa akitugawia miwa baada ya mazoezi. Familia iliomba bendi. Mwalimu alipanga kwamba jeneza likishushwa wote wanyamaze, nipige mimi peke yangu ule wimbo aliokuwa akiuimba mwenyewe akipalilia. Nilijiandaa siku mbili nzima.

Jua lilikuwa kali. Watu walikuwa wengi mpaka kwenye migomba. Kamba zikaanza kulegezwa, nikainua tarumbeta, nikapiga sauti ya kwanza, ikatoka safi. Ya pili ikatetemeka. Ya tatu, ambayo ni ya juu na inataka pumzi nyingi, haikutoka kabisa. Nilihisi kitu kimeachia chini ya kiganja changu, kisha ukatoka mluzi wa upepo, kama birika linalochemka, na chini yake mkwaruzo kama wa debe bovu. Nilipuliza tena kwa nguvu nikidhani ni pumzi yangu. Ikawa mbaya zaidi. Watoto waliokuwa mbele wakacheka, na mama mmoja akawapiga kofi huku yeye mwenyewe mabega yanamtikisika.

Jeneza likashuka hivyo. Mpiga ngoma, mama mnene mwenye moyo mzuri, alianza kupiga ili kunifunika, na wengine wakaingia. Mimi nilisimama nimeshika chombo kifuani. Baadaye mtoto mkubwa wa marehemu alinifuata. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniuliza kwa upole kama nilikuwa na ugomvi na mama yake.

Wiki ile ikaanza kusemwa kwamba niliangusha tarumbeta la kanisa nikanyamaza. Hakuna aliyeniambia usoni. Nilikutana na maneno hayo sokoni, kwa mteja aliyekuwa akichagua blauzi, ambaye hakujua kwamba anayezungumzwa ni mimi.

Mwalimu wa bendi hakuyaamini. Aliniambia twende Kasulu, kuna fundi wa vyombo vya shaba karibu na soko, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulitoka pwani zamani, anaziba mabirika na masinia, ananyoosha mizani za maduka. Tulipanda basi asubuhi. Sikuwa nimekanyaga Kasulu tangu niondoke kwa mume wangu, na tuliposhuka stendi nilijifunika mtandio mpaka kwenye nyusi.

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na mwenye kujiona, na hakulificha. Kabla hajagusa tarumbeta alitueleza vyombo vyote vilivyoning'inia pale na nani alivileta. Alituonyesha vibati vidogo vya shaba ngumu vinavyobana betri ndani ya tochi, akasema hivyo vimechanganywa na bati na si zinki, ndiyo maana unavikunja mara elfu na vinarudi. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu. Mimi nilitaka tumalize tuondoke.

Mwishowe alilichukua, akaligeuza kwenye mwanga, kisha akalinusa. Alilinusa kama mtu anayenunua samaki asiyemwamini muuzaji.

Alisema halikuangushwa. Lingeanguka lingebonyea, na hapa hakuna pa kubonyea. Limepasuka lenyewe. Akatueleza kwamba bamba jembamba la shaba na zinki likikunjwa na kugongwa mpaka kuwa mdomo wa tarumbeta, hubaki na mvutano ndani, kama kamba iliyokazwa ambayo huioni. Linaweza kukaa hivyo miaka na miaka. Lakini likikaa penye mvuke wa mkojo, ule unaochoma macho, mvuke huo huingia palipokazwa na kupafungua. Baba yake, alisema, hakuruhusu sinia la shaba liwekwe upande wa nyumba uliopakana na punda.

Kisha akanitazama. "Mama, hiki chombo kinalala wapi?"

Nikasema ukutani.

"Ukutani, sawa. Na chini ya ukuta kuna nini?"

Nakumbuka nilitazama mikono yake, jinsi ilivyokuwa na kijani kwenye kucha. Maneno yalikuwa mepesi. Nyumba nyingi za Waha zina mbuzi ndani, fundi angelijua hilo, mwalimu angelijua hilo. Lakini nilijiona nimesimama hapo na gauni langu lililopigwa pasi, nikavuta mtandio tena usoni.

Mwalimu ndiye aliyejibu. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyepata ufumbuzi. "Popo," alisema. "Nyumba za kule zina popo darini. Dada hana kosa, ni popo." Na kwa kuwa alikuwa amebeba aibu yangu wiki nzima pamoja nami, alifurahi kweli, akanishika bega. Fundi alisema popo pia wanaweza, mavi yao ni makali. Nikaacha iwe popo.

Nilikaa nikimwangalia akifanya kazi. Alikata kipande kwenye bamba jembamba, akakichoma kwenye mkaa mpaka kikawa chekundu hafifu, akakitumbukiza majini. Nilidhani kitakuwa kigumu kama panga la mhunzi. Kikatoka kimelegea kama ngozi iliyolowekwa, akakipinda kwa vidole tu kikaukumbatia mkunjo wa tarumbeta. Shaba si chuma, alisema. Ukiigonga inakaza, ukiichoma inasahau. Akakilehemu. Halafu akapitisha joto dogo mdomo mzima, polepole, kuutoa ule mvutano. Akalipuliza mwenyewe, likalia vibaya kwa sababu hakujua kupiga, lakini halikuvuja.

Tulipoondoka aliniambia nilirudishe popote, ila si pale pale, la sivyo litapasuka pembeni ya kiraka.

Jumapili mwalimu alisimama kanisani na kutangaza. Alisema dada yetu amesingiziwa, fundi amethibitisha kwamba chombo kiliharibiwa na popo, na Jumamosi bendi nzima itakwenda nyumbani kwake kuwafukuza na kuziba paa. Watu wakapiga makofi. Nilimfuata nje nikamwambia si lazima, baba yangu ni mzee, hapendi kelele. Alisema ndiyo maana hasa wanakwenda, mzee hawezi kupanda darini.

Baba nilimwambia kwamba wageni wa kanisa watakuja kuangalia paa. Nilimwomba siku hiyo awapeleke mbuzi mbali, bondeni kabisa, na asirudi mpaka jioni. Alisema vizuri. Aliuliza tu kama wageni watakula, kwa sababu maharage yapo.

Ijumaa nilifanya kazi kama mwendawazimu. Nilikwangua udongo wa juu chumbani, nikautoa kwa karai, nikasiliba upya, nikachoma majani ya mkaratusi ndani. Jumamosi asubuhi baba aliondoka na mbuzi, na hawakuacha alama yoyote. Nilivaa gauni la kitenge. Wakafika na ngazi, na miti mirefu, na debe la kuwashia moshi, wamechangamka kama wanaokwenda harusini. Mpiga ngoma alisema nyumba ni safi, na nilijua anasema kweli kwa siku ile moja.

Walitafuta popo. Walipanda, wakagonga mabati, wakapuliza moshi. Hawakuona popo, wala mavi ya popo, wala tundu. Mwalimu alishuka na utando wa buibui kichwani, akasema huenda wamehama. Nilianza kuamini kwamba nimepona.

Mvua ilianza ghafla, ile ya huku kwetu ya mwanzo wa masika, inayopiga bati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Wote tuliingia chumbani kwangu kwa sababu ngazi na miti ilikuwa imejaza sebule, nami nikalibeba tarumbeta lisigongwe. Na katikati ya mvua ile mlango wa mbele ukafunguliwa. Baba hakuwa na la kufanya. Mbuzi wanaogopa mvua, walikuwa wamemshinda nguvu wakakimbilia nyumbani. Walipita sebuleni chini ya ngazi, wakaingia chumbani katikati ya miguu ya bendi, wakijikung'uta. Hawakusita. Mmoja alikwenda kwenye kona ya dirisha. Wengine waliinamisha vichwa wakaingia chini ya kitanda changu, wakajipanga, wakalala, kila mmoja mahali pake.

Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka. Walitazama mbuzi, kisha msumari wa ukutani, kisha viatu vyao.

Baba alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka. Mwalimu alimsalimia shikamoo, na kwa kuwa hakujua aseme nini kingine, alimweleza kwamba walikuja kwa ajili ya popo waliopasua tarumbeta. Baba alimsikiliza. Alilitazama tarumbeta mikononi mwangu, akawatazama mbuzi, kisha akanitazama mimi, na niliona anaelewa jambo moja baada ya jingine: kwa nini bondeni kabisa, kwa nini mkaratusi, kwa nini gauni.

"Ni kweli," alisema. "Popo ni wengi hapa. Nadhani mvua imewafukuza."

Alisema hivyo kwa uso mkavu, mzee ambaye sijawahi kumsikia akidanganya hata mtoto. Na watu wote wa bendi, huku harufu ya manyoya mabichi inapanda, walitikisa vichwa wakasema ndiyo, popo wanasumbua kweli. Mpiga ngoma alivua mtandio wake akaanza kumfuta mbuzi mdogo maji masikioni. Alisema kwao ni kuku, kuku na bata. Nilitoka kwenda kupakua maharage, na jikoni nikaegemea ukuta mpaka mtu akaniita.

Walikula, mvua ikakatika, wakaondoka. Siku zilizofuata nilimwona baba akikata miti na kurudisha uzio wa zizi la nje. Nilidhani ameamua kujaribu tena, nikafurahi. Mbuzi wakahamia nje, chumba changu kikakauka, tarumbeta likarudi kwenye msumari wake, likabaki safi na kiraka chake.

Asubuhi moja niliamka mapema kuwahi soko. Mlango wa baba ulikuwa wazi na kitanda hakikulaliwa. Nilimkuta zizini, amekaa kwenye gunia, amejifunika blanketi mpaka kichwani, ameegemea mbuzi. Alikuwa akikohoa kikohozi kilichokomaa. Ndipo nilipofahamu kwamba wezi walikuwa bado wapo, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa kufuli.

Nilimwambia arudi ndani, awarudishe na mbuzi. Alikataa. "Mwana wanje, mwanangu," aliniambia, akianza Kiha na kumalizia Kiswahili kama anavyofanya akiwa na jambo zito, "kile ni chombo cha kanisa, hakiwezi kukaa na mbuzi. Mimi naweza."

Nililichukua tarumbeta asubuhi ile ile, bila kulifunga kanga, nikatembea nalo mikononi mpaka kwa mwalimu wa bendi. Nilimwambia likae kwake. Nilimwambia hakukuwa na popo. Akasema anajua, akalipokea, akalitundika kati ya picha za wanawe. Alisema ningeweza kumwambia tangu Kasulu. Sasa nafanyia mazoezi uani kwake, na Jumapili napiga kama kawaida, kiraka hakijavuja.

Baba alirudi ndani siku hiyo hiyo, na mbuzi pia, na kikohozi kilichukua muda lakini kilipona. Sijahama. Nguo zangu nimezirudisha nyumbani. Mpiga ngoma hunitembelea, huingia mpaka chumbani, hukaa kitandani.

Lakini kuna jambo ambalo baba hakulifanya kabla ya Jumamosi ile. Jioni akirudi na mbuzi husimama nje ya mlango wa chumba changu, hukohoa kidogo, na huniuliza kama wanaweza kupita. Ni nyumba yake, aliijenga kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Nimemwambia mara nyingi asiulize. Hujibu kwamba sawa, amesikia. Jioni inayofuata nasikia kwato zimesimama, kisha kikohozi, kisha sauti yake taratibu ikiomba ruhusa, nami nainuka haraka kumfungulia kabla hajamaliza.